Kiti cha Njiani

Kwa mwaka mzima Kitinda alikuwa akiwaambia wateja kwamba kiti namba 38A kimeharibika. Mteja anakaa mbele yake pale ofisi ya tiketi, yeye anageuza skrini ili ramani ya viti ionekane, mteja anaweka kidole kule nyuma, upande wa kushoto, dirishani, anasema, "Hapa panafaa." Kitinda anajibu bila kupepesa macho: "Hicho kibovu. Mgongo wake haulali." Nani atabishana na mkata tiketi? Mtu anasogeza kidole safu moja mbele, analipa, anakwenda zake. Ulikuwa uongo mdogo usiomdhuru mtu, na ulimsaidia kuimaliza siku. Sasa tazama mambo yalivyo: mtu wa kwanza kuukataa uongo huo alikuwa baba yake mzazi.

Ilikuwa Jumapili, chakula cha mchana kimeshaliwa. Baba mtu ni fundi saa, na vitu vyake vyote vya maana hukaa kwenye kopo kuukuu la biskuti, pamoja na mishale na springi. Alilifungua, akapekua, akatoa kipande cha karatasi ngumu alichokitia ndani ya plastiki. Ilikuwa pasi ya kupandia ndege ya marehemu mkewe. Wino ulishaanza kufifia, lakini 38A ilisomeka vizuri tu.

"Mama," alimwambia binti yake. Hivyo ndivyo alivyomwita tangu akiwa mchanga. "Dada yako ameshalipa tiketi, Mungu ambariki. Ila kiti nachagua mwenyewe. Nataka hiki."

"Hicho kibovu, baba."

"Kina nini?"

"Mgongo haulali."

"Mimi nina miaka arobaini kwenye stuli isiyo na mgongo kabisa. Nipe hivyo hivyo na ubovu wake."

Shangazi alicheka mpaka akapaliwa na chai. Shangazi huyu, dada yake fundi, alikuja wiki ya msiba kukaa siku mbili tatu, akaja na mabegi manne, na mpaka leo yupo. "Na hiyo miguu?" akauliza alipopata pumzi. "Daktari kasema ukae kiti cha njiani, uinuke kila saa. Miguu imevimba kama mikate, wewe unataka kujibana dirishani?"

"Mke wangu alikaa dirishani."

"Na yalimfika."

Neno lile lilidondoka mezani, na Shangazi mwenyewe akalijutia papo hapo. Wote watatu walijua yaliyomfika. Alisafiri kwenda kumwona mjukuu wake wa kwanza, kwa binti mkubwa, mbali huko ambako ndege huruka saa kumi na moja bila kutua. Alifika, akambeba mtoto siku mbili, siku ya tatu akaanguka jikoni. Damu ilikuwa imegandia mguuni ikapanda mapafuni, ndivyo walivyosema madaktari. Kumrudisha kulikuwa juu ya uwezo wao, kwa hiyo alizikwa kule kule, na mumewe mpaka leo hajaliona kaburi.

"Alichagua dirisha," fundi alisema kwa upole, kama anamweleza mgeni. "Mtu amewapikia wanafunzi uji miaka ishirini, hajui kitu ila moshi na sufuria. Siku ya kupanda ndege akasema, leo na mimi naitazama dunia. Mimi nakwenda kumzuru. Nataka nipite alipopita, nione alichoona. Nakosea?"

"Hukosei, baba," Kitinda alisema, akaanza kukusanya vyombo ambavyo watu walikuwa hawajamaliza navyo.

*

Jumatatu asubuhi alimweka baba yake 38A. Alijiambia atambadilisha baadaye kimyakimya, siku moja kabla ya safari, na uwanjani mzee ataambiwa mambo ya kompyuta. Watu wazima huiogopa kompyuta, hawaulizi mara mbili. Alikuwa bado anajituliza kwa hesabu hiyo mlango ulipofunguka, akaingia mkandarasi.

Mkandarasi huyu ni pande la mtu. Akikaa, magoti yake yanagusa meza, na akicheka vikombe vinacheza. Ofisi ile inampenda, kwa sababu tiketi za mafundi wake wote hukatwa pale. Meneja alitoka chumbani kwake mwenyewe kuja kumpa mkono.

"Nakwenda tena, tarehe ishirini na moja," mkandarasi alisema, na hiyo ndiyo siku ya safari ya mzee. "Ndege ile ile. Na wewe binti, nipe kiti changu kile cha mwaka jana."

"Kipi?" Kitinda aliuliza, ingawa alikijua.

"Cha nyuma kule, ambako pembeni viko viwili tu. Cha njiani. Thelathini na nane C."

Hapo ni lazima kisemwe kilichotokea mwaka ule. Wiki sita kabla ya safari ya mama yake, Kitinda alimchagulia 38C, cha njiani, ili ainuke atakavyo kwa ajili ya magoti yake. Siku moja kabla ya safari akaja mkandarasi anataka cha njiani, anagomba, ndege imejaa. Meneja akainama sikioni kwa Kitinda. "Hapo C kuna nani?" Kitinda akasema, mama yangu. "Basi si mtu wa nyumbani huyo? Ataelewa." Kitinda akapiga simu. Kule upande wa pili sufuria zinagongana, mama yake anapaza sauti: "Niweke popote, mwanangu! Kwani ndege si inafika yote?" Akacheka kwa utani wake mwenyewe. Mkandarasi akaingizwa C, mama akaingizwa A, na meneja akamnunulia Kitinda soda.

"Kiti kile kina bahati," mkandarasi alikuwa akimwambia meneja sasa. "Mimi usingizi wa ndege sijawahi kuujua. Siku ile nikameza kidonge, nikanyoosha miguu yangu hii mpaka chini ya kiti cha mbele, nikaziba njia yote. Kuja kushtuka, tunatua! Na jirani niliyempata, mama mmoja mtu mzima, mpole, mpole kweli. Nikamwambia, mama, mbona hukuniamsha hata mara moja ukapita? Unajua alinijibu nini? 'Ulikuwa umelala, mwanangu.' Watu kama wale wako wapi siku hizi?"

"Wameisha," meneja alisema, akitikisa kichwa kwa heshima.

Vidole vya Kitinda vilikuwa juu ya vibonyezo na havikwenda popote. "Alivaa nini?" akauliza.

"Nani?"

"Huyo mama."

Mkandarasi akafikiri. "Sweta. La kijani, nadhani. Kwani unamjua?"

Kifungo cha juu cha sweta lile Kitinda alikuwa amekishona mwenyewe asubuhi ya safari, mama yake amesimama wima mbele yake kama mtoto anayepelekwa shule. "Hapana," alisema. "Nimeuliza tu."

Meneja alikuwa amesimama nyuma yake, na harufu ya manukato yake ilikuwa shingoni. "Mpe kiti chake, mama. Kiko wazi, si nakiona?" Kitinda akabonyeza. Kisanduku cha C kikageuka kijivu kando ya kile cha A, mkandarasi njiani na mzee wa miguu mibovu dirishani. Mwaka mzima umepita, na mambo yamepangwa vile vile, tena na kidole kile kile. Alikwenda msalani akafungua bomba ili asisikike akilia.

*

Kibanda cha fundi saa kinatosha mtu mmoja na nusu. Kitinda alifika mchana, bila ruhusa ya mtu, akasimama kwenye uwazi wa mlango. Baba yake alikuwa na kilenzi jichoni na saa ya mkononi imefumuliwa mbele yake juu ya kitambaa cheupe.

"Baba, mama hakuchagua dirisha."

"Eeh?"

"Nilimhamisha mimi. Nilikuwa nimempa cha njiani. Akaja mteja, nikakichukua nikampa mteja."

Fundi hakuinua kichwa. Kibanio chake kiliendelea kushika kigurudumu kidogo kuliko punje ya mtama. Basi Kitinda akamweleza yote, la meneja, la simu, la soda, na mwisho kabisa la mkandarasi na usingizi wake. Aliyasema kwa haraka, kwa sababu alijua akipumzika hatamaliza. Alipofika kwenye "Ulikuwa umelala, mwanangu," kibanio kikasimama.

"Saa kumi na moja," fundi alisema.

"Ndiyo."

"Hakwenda hata kujisaidia?"

"Hakwenda."

Mzee akavua kilenzi, kikamwachia alama nyekundu kuzunguka jicho. Aliwaza juu ya mkewe, mwanamke aliyekuwa akienda msalani mara mbili kabla ya kutoka nyumbani kwa sababu ya kibofu chake, amekaa amebana magoti kwenye giza lile la ndani ya ndege, akimchungulia mtu aliyelala. Aibu aliyoiona mkewe ilimpanda yeye usoni. "Umejua tangu lini?"

"Kwamba nimemhamisha, nimejua siku zote. Kwamba hakuinuka, nimejua leo."

"Na pale uwanjani ulipomkumbatia ulijua."

"Nilijua, baba."

"Na mwaka mzima nasema alichagua dirisha, nawasimulia watu, nawasimulia mpaka wateja wangu, wewe umekaa unanisikiliza."

Kitinda alitamani apigwe, angalau lingekuwa jambo lenye mwisho.

"Ondoka kwenye mwanga," baba yake alisema. "Nafanya kazi."

*

Siku mbili nyumba ile haikukalika. Fundi aliacha kumwita binti yake mama, na hakumwita jina lingine lolote pia. Akitaka kitu anamtuma Shangazi. "Mwambie mkata tiketi chumvi imezidi."

"Huyo hapo mbele ya pua yako, mwambie mwenyewe," Shangazi akawaka. "Mimi si redio ya mtu." Kisha akamgeukia Kitinda, akanong'ona kwa sauti iliyosikika mpaka kwa jirani: "Haijazidi. Kula."

Lakini Shangazi naye alikuwa amebadilika. Alimkuta Kitinda anafua, akasimama pembeni yake muda mrefu bila kusema neno, jambo ambalo halijapata kutokea. "Mwanangu, na mimi nastahili kununiwa," alisema hatimaye. "Mimi nami nilimpa mkoba wake nikamwambia, ukifika huko usisumbue watu."

Sasa kuna jambo ambalo fundi hakuwahi kumwambia mtu. Tangu msiba, kila alfajiri kabla ya mwanga, kitanda chake kililia upande wa miguuni. Mlio mmoja tu, mbao inaminywa halafu inaachiwa, kama mtu ameweka goti akaliondoa. Mwanzoni alifikiri ni panya, akaweka mtego. Baadaye akafikiri ni skrubu, na fundi ni fundi, akazikaza zote. Kitanda kiliendelea kulia saa ile ile. Mwaka mzima alikuwa akilala macho wazi akiusubiri mlio ule, na hofu yake ilikuwa kubwa zaidi siku ambazo ulichelewa.

Alfajiri ya siku ya tatu kitanda kililia. Fundi akaketi, akatazama pale miguuni, akatazama alipolala yeye, akatazama ukuta. Akakaa hivyo mpaka Shangazi alipoanza kugombana na jiko.

*

Saa nne asubuhi alikuwa ofisi ya tiketi. Alikuwa amevaa koti la msibani, akachukua namba kama watu wengine, akakaa kwenye benchi mpaka alipoitwa. Kitinda alipomwona anakuja, akasimama.

"Kaa," mzee alisema. "Nimekuja kubadilisha kiti."

"Ndiyo, baba."

Hakukitaja kiti. Aliweka mikono yake miwili juu ya meza, mikono iliyozoea vitu vidogo, akaitazama. "Mama yako alikuwa analala upande gani?"

"Ukutani."

"Ukutani. Na mimi?"

"Upande wa nje."

"Miaka thelathini na minne. Yeye ndiye wa kuamka alfajiri kuwahi uji wa shule. Mimi ndiye wa kulala mpaka jua linatoka. Na ukutani nilimweka mimi, nilisema nje kuna hewa." Akachora kitanda kwa kidole juu ya meza. "Alikuwa anashukia miguuni. Anatambaa mpaka mwisho wa kitanda, anaweka goti pale ukingoni, anashuka, ili asinivuke. Hata alipokuwa na mimba yako, na tumbo lile, alishukia miguuni. Siku moja niliamka nikamwona. Nikacheka. Nikamwambia unatembea kama mwizi. Kesho yake sikuhama, kesho kutwa sikuhama. Sikuhama."

Mteja wa meza ya jirani alikuwa ameacha kuhesabu karatasi zake, anasikiliza.

"Wewe ulimweka ndani siku moja," mzee alisema. "Nisikudanganye, imeniuma na bado inaniuma. Lakini kukaa ndani alikuwa amezoea. Amekaa ndani maisha yake yote, na mlangoni nilikuwa nimelala mimi."

"Baba, usiseme hivyo."

"Nasema ilivyo. Sasa nipe cha njiani. Kile kile, C. Nataka mimi ndiye niamshwe."

Kitinda alipangusa macho kwa kiganja. "Kina mtu. Ni yeye yule yule."

Meneja alishafika, viatu vyake vikigonga sakafu. "Mzee wangu, karibu. Tutakutafutia kingine kizuri tu, huyu ni mteja wetu wa siku nyingi..."

"Nampigia," Kitinda alisema.

"Unampigia kumwambia nini?"

Kitinda akainua simu. Namba aliijua kwa moyo. Mkandarasi aliitika katikati ya kelele za nyundo, na Kitinda alisema maneno yale mbele ya ofisi nzima, maana hapakuwa na mahali pengine pa kuyasemea. "Yule mama wa sweta la kijani alikuwa mama yangu. Kiti ulichokalia kilikuwa chake, nilimhamisha mimi ili ukae wewe. Alifariki siku tatu baada ya kufika, damu iligandia mguuni. Safari hii anakwenda baba yangu. Naomba uniachie kile kiti."

Mkandarasi, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisema chini, alisema chini: "Angenigusa bega tu. Si angenigusa bega?"

"Ulikuwa umelala."

"Ee Mungu wangu." Akahema. "Niweke popote, binti. Popote pale. Au nibadilishie siku kabisa, nisimtie mzee machoni."

Kitinda akakata simu. Akabonyeza, 38C ikafunguka, akamwingiza baba yake, akageuza skrini ili aone kwa macho yake mwenyewe. Meneja alisimama pale kidogo, akarekebisha kalenda ukutani ambayo haikuwa imepinda, akarudi chumbani kwake.

"Na hicho cha dirishani?" mzee aliuliza.

"Kipo wazi."

"Atapewa mtu?"

"Atapewa, baba. Ndege itajaa."

"Sawa," mzee alisema. "Usiwaambie tena ni kibovu." Akainuka kwa kushika meza, na alipofika mlangoni akageuka. "Uje kula mchana, mama. Shangazi yako ataniua kwa maneno."

*

Dirishani alikaa msichana mwenye vidude vya muziki masikioni. Kabla hata ya kufunga mkanda, fundi alimwinamia akamwambia, "Mwanangu, ukitaka kupita niamshe. Hata mara mia. Nikikoroma, nigonge." Msichana akacheka, akasema asante babu, akajifunika blanketi mpaka kidevuni, na ndege ilipokamata mawingu alikuwa ameshalala.

Fundi hakulala. Mkononi alikuwa na saa aliyoitengeneza mwenyewe, saa ndogo ya mkewe iliyorudi nyumbani ndani ya bahasha pamoja na sweta, sasa ina mkanda mpya. Mshale mrefu ulipofika kumi na mbili, alifungua mkanda wa kiti, akainuka, akatoka njiani. Wahudumu walidhani ananyoosha miguu kama daktari alivyoagiza. Lakini mtu anayenyoosha miguu hutembea. Yeye alisimama wima kando ya kiti chake, akabana tumbo, akashika mgongo wa kiti cha mbele ili asimzibie mtu, akaacha nafasi.

Ilipotimia saa nyingine akainuka tena, na nyingine tena. Mara ya tano mhudumu mmoja alikuja na glasi ya maji. "Baba, uko salama? Unahitaji kitu?"

"Sihitaji, mwanangu. Nampisha mtu."

Mhudumu akachungulia. Msichana wa dirishani alikuwa amelala fofofo, kichwa ukutani, na kati yake na njia palikuwa na kiti kitupu cha mzee na blanketi lililoangukia chini. Mhudumu akajibana kwenye viti vya upande wa pili ili naye asizibe.

Fundi aliitazama saa. Alisubiri kiasi cha mwanamke mwenye magoti mabovu kufika msalani, kunawa mikono, kujitazama kidogo kwenye kioo, na kurudi bila haraka. Ndipo akakaa.